Sura ya 6: Kujichapishia Ng'ambo ya Likoni

Tuseme wapo majirani wawili Diani, kaunti ya Kwale. Mmoja ni Mjerumani mstaafu aliyejenga nyumba karibu na ufuo, na kila asubuhi anaandika kumbukumbu za safari zake kwa Kijerumani. Wa pili ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Msambweni, ambaye kabatini mwake mna rundo la madaftari ya mashairi aliyoyatunga tangu ujanani. Hakuna kati yao anayekula kwa kalamu. Wanaandika kwa kupenda. Wote wana simu, wote wana wasaa, na wote wameshaambiwa na watoto wao maneno yale yale: siku hizi mchapishaji wa nini, weka mtandaoni.

Kwa Mjerumani ushauri huo hauna kasoro. Kwa mwalimu una walakini, na walakini huo ndio ulionifanya niandike sura hii.

Nianze na jukwaa kubwa kuliko yote. Amazon ilifungua mlango wa kujichapishia Novemba 2007, pamoja na kile kifaa chake cha kusomea, Kindle. Mwandishi hupakia faili, huchagua jalada, hupanga bei, na haichukui siku nyingi kitabu huwa kiko dukani. Hatoi hata senti kuanza. Kitabu pepe cha bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kumpa asilimia 70 ya bei hiyo, mrabaha ambao hakuna mchapishaji wa vitabu vya karatasi atakayekubali hata kuuzungumzia. Mjerumani wetu ana lugha inayokubaliwa, ana akaunti ya benki inayopokea fedha hizo, na wasomaji wake wako Hamburg na Munich, kila mmoja na kadi yake mfukoni. Atauza nakala chache kwa marafiki na wageni waliowahi kulala Diani, na atafurahi. Anachokitaka ndicho jukwaa lilichoundwa kukitoa.

Sasa mpe mwalimu simu hiyo hiyo. Kikwazo cha kwanza kitamkuta kabla hajafika popote: lugha. Kwa miaka mingi orodha ya lugha zinazopokelewa kwa vitabu pepe vya Kindle imekuwa na Kiafrikana, imekuwa na hata lugha ya Cornwall kule Uingereza, iliyokufa ikafufuliwa, ila Kiswahili haikuwa nacho. Lugha ambayo UNESCO imeitengea siku yake, tarehe 7 Julai, haijatengewa hata kistari katika orodha ya duka la vitabu. Wapo wanaopenyeza kwa kudanganya kwamba kitabu ni cha Kiingereza. Vingine hupita, lakini aliyepita kwa dirisha hana la kusema siku akitolewa kwa mlango.

Tuchukulie amepita. Ile asilimia 70 ni ya mauzo katika nchi zilizotajwa tu. Kenya haimo, kwa hiyo msomaji wa Ukunda akinunua kitabu cha dola 2.99, mwalimu anapata asilimia 35, yaani dola 1.05, kama shilingi 135. Akinunua Mkenya aliyeko Marekani, mrabaha ni mkubwa zaidi, lakini serikali ya Marekani inakata kodi ya asilimia 30, maana Kenya haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Kilichobaki hakitumwi moja kwa moja kwenye M-Pesa. Kitazunguka kwa kampuni ya kati au kwa benki, na kila kituo kina ada yake. Msomaji naye ni lazima awe na kadi, au ajue kujitengenezea ile kadi ya mtandaoni kupitia M-Pesa. Kwa shairi la jirani yake, ambalo amezoea kulisikia likighaniwa bure harusini? Sidhani.

Kila anayeuza ndoto hii atakutajia Andy Weir, Mmarekani aliyeweka riwaya yake The Martian kwenye tovuti yake, sura baada ya sura, akaiuza Kindle kwa senti 99, na mwaka 2015 ikawa sinema. Ni kweli kabisa. Ni kweli pia kwamba aliandika kwa Kiingereza, katika nchi ambako kununua kitabu kwa senti 99 ni kubonyeza mara moja.

Basi mwalimu arudi kwa wachapishaji wa Nairobi? Angejaribu, lakini nyumba za uchapishaji Kenya zinaishi kwa vitabu vya shule. Kitabu kisipoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, hesabu yake haikai sawa. Diwani ya mashairi ya mapenzi, ya siasa za soko la Ukunda, ya bahari na wavuvi wa Gazi, itaingia darasa la ngapi? Mhariri anaweza kuyapenda mashairi hayo kwa dhati na bado asiwe na uwezo wa kuyachapisha. Haya nayasema ili mwandishi wa ridhaa asidhani kukataliwa ni kipimo cha kazi yake.

Wala kujichapishia si uzushi wa intaneti. David Maillu alianzisha Comb Books jijini Nairobi mwaka 1972, akauza After 4:30 na My Dear Bottle kwa wasomaji ambao nyumba kubwa hazikuwajua, hadi Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976. Dar es Salaam, Ben Mtobwa alikuwa na Heko Publishers, ikitoa riwaya za upelelezi zilizosomwa hadi majalada yakang'oka. Watu hawa walilipa matbaa kwanza, wakapokea maboksi ya vitabu, halafu wakaanza kutafuta wanunuzi. Kitabu kikikataa kuuzika, kilikataa ukiwa nacho chumbani. Huo mzigo wa maboksi majukwaa yameuondoa, na kwa hilo tuyape haki yao. Mwandishi wa ridhaa hana tena sababu ya kukopa chamani ili achapishe nakala 500 ambazo mia nne zitaliwa na mchwa.

Jukwaa ambalo mwalimu wetu analitumia tayari, bila ya kuliita hivyo, ni WhatsApp. Makundi ya washairi yamejaa pwani nzima, toka Lamu hadi Vanga, na yanavuka mpaka hadi Tanga na Unguja. Mtu anatupa swali kwa beti tano usiku. Hadi alfajiri amejibiwa kwa mizani na vina vile vile, na wa tatu ameingia kuamua. Malumbano ya namna hii ndiyo yaliyoujaza ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo kwa miaka mingi, na kabla yake gazeti la Mambo Leo lililoanza Tanganyika mwaka 1923. Tofauti ni kwamba gazetini jibu lilingoja wiki, na mhariri akichoka, mjadala ulikufa.

Kwa mtunzi wa kimapokeo jambo hili lina uzito kuliko mrabaha. Shairi la swali linahitaji jibu. Duka la vitabu linampa mnunuzi nafasi ya kutoa nyota tano au moja; halimpi nafasi ya kujibu kwa tarbia. Tena baraza la WhatsApp hufanya kazi ambayo mwandishi aliyejichapishia hukosa mtu wa kuifanya, nayo ni uhariri. Ukituma mshororo wenye mizani 15 mahali pa 16, hutamaliza dakika kumi kabla mtu hajakuhesabia mbele ya watu. «Mwalimu, shikamoo. Ubeti wa tatu ukwapi umepwaya, hebu utazame.» Ni adabu, lakini ni fimbo. Amazon haina fimbo hiyo. Ukipakia kosa, litauzwa likiwa kosa.

Ubaya wa baraza hili ni kwamba linasifu kama linavyokosoa, na sifa ndizo nyingi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwale, kwenye minazi, methali hii haihitaji maelezo. Nimewaona watunzi wazuri wakianza kutunga shairi kila siku kwa sababu kila siku kuna watu wa kuwapigia makofi ya vidole vya manjano, na mashairi yakawa mepesi kadiri makofi yalivyozidi.

Ubaya mwingine ni wizi. Shairi likishasambazwa mara tatu, jina la mtunzi limedondoka njiani. Sheria ya Kenya inamlinda: hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, bila ya usajili, na hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ofisi ya hakimiliki, KECOBO, inasajili kazi mtandaoni kwa anayetaka ushahidi zaidi. Lakini nani atamshtaki binamu wa jirani kwa shairi la siku ya kuzaliwa? Kinga bora ni ya kale kuliko sheria. Watunzi wetu walizoea kutia jina au lakabu yao ndani ya ubeti wa tamati, pamoja na mji wao, mara nyingine na mwaka. Jina likiwa limefumwa katika vina, anayetaka kuliondoa ni lazima atunge upya, na akiweza kutunga upya hana haja ya kuiba. Anayeandika kwa nathari hana bahati hiyo. Yeye atie jina lake ndani ya sentensi ya kwanza ikibidi, maana juu ya ukurasa halitakaa.

Kuhusu fedha, wenzetu wa Tanzania wametuacha mbali. Wakati Kenya tunangoja Amazon itujali, wao wameshazoea biashara ya simulizi za mfululizo: sehemu za mwanzo bure Facebook, zinakatika pale panapouma, na anayetaka kuendelea anatuma fedha kwa simu ili aingizwe kwenye kundi au apewe faili. Ni mtindo ule ule wa hadithi za magazeti ambao Eric Shigongo aliukuza katika magazeti ya Global Publishers, ila gazeti limetolewa katikati. Na Tanzania wamefanya hivyo katika mazingira magumu zaidi. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka hata wenye blogu walipie leseni ya mamilioni ya shilingi, kiwango kilichowanyamazisha wengi waliokuwa wakiandika kwa kujifurahisha. Kwale hakuna leseni kama hiyo. Mwalimu akiuza faili ya PDF kwa shilingi 100 kupitia M-Pesa, shilingi zake zinafika papo hapo. Ajue tu kwamba nakala ya kwanza ikishauzwa, ya pili hadi ya hamsini zitagawiwa. Akikubali hilo tangu mwanzo, atalala usingizi.

Hapa huingia swali la karatasi. Nimewauliza watunzi wengi wa ridhaa wanataka nini hasa, na jibu linalorudi ni kitabu cha kushika. Wanataka kumpa mjukuu na kuweka nakala maktabani. Watu wazima wa Msambweni hawasemi «amechapisha» juu ya faili. Majukwaa makubwa huchapisha nakala moja moja kwa oda, lakini nakala hiyo inatoka ng'ambo na nauli yake huenda ikaishinda bei ya kitabu. Kwa mtu wa kusini mwa Likoni, nakala chache kutoka matbaa ya Mombasa, au ya River Road jijini Nairobi, ni nafuu na zinafika na matatu. Akitaka wasomaji wa mbali, yako maduka kama Nuria la Nairobi, linalojulikana kwa kuuza kazi za waandishi waliojichapishia na kutuma vitabu kwa mnunuzi popote nchini.

Na kama ni karatasi, basi iwe karatasi iliyoandikishwa. ISBN ya Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS. Zile zinazoanza kwa 978-9966 ni zetu. ISBN ya bure ya Amazon inatumika kwa Amazon tu, na huwezi kuhama nayo. Sheria ya Vitabu na Magazeti, sura ya 111, inamtaka mchapishaji apeleke nakala mbili kwa msajili ndani ya siku 14. Waandishi wa ridhaa wengi hawajawahi kuisikia. Ni usumbufu, lakini ndio unaokifanya kitabu kionekane na nchi yake.

Nalisema hili nikiwa na sababu. Mwaka 1900 ofisa Mwingereza, A. C. Hollis, alichapisha maelezo ya historia ya Vumba, ule mji wa kale karibu na Vanga, katika jarida la wanaanthropolojia la London. Aliyapata kwa watu wa huku. Zaidi ya karne moja baadaye, mtafiti wa Ulaya huyafikia maelezo hayo kwa dakika mbili, na mzee wa Wasini ambaye babu zake ndio waliosimulia hana nakala. Jina linalosomwa juu ya makala ni la Hollis. Hata feri ya Likoni, Ulaya inaijua zaidi kupitia Corinne Hofmann, Mswisi aliyekutana humo na mwanamume wa Kisamburu akaandika kitabu mwaka 1998 kilichouzwa mamilioni. Sina ugomvi na Bi Hofmann, aliandika yaliyompata. Ila watu wanaovuka feri hiyo kila siku wana yao pia, na kwa mara ya kwanza hawahitaji ruhusa ya London wala Nairobi kuyatoa.

Faida hii inaonekana wazi zaidi kwenye lahaja. Mhariri wa kitabu cha shule akipokea utenzi wa Kivumba au wa Kichifundi, atausanifisha. Ni kazi yake. Kidigo nacho, pamoja na kuwa na kamusi yake nzuri, Mgombato, iliyotoka mwaka 2004, hakina soko la kumvutia mchapishaji. Anayejichapishia hanyooshwi na mtu. African Storybook, jukwaa la shirika la Saide la Afrika Kusini lililozinduliwa mwaka 2014, limeonyesha kinachowezekana: mtu yeyote anatunga au anatafsiri hadithi ya watoto yenye picha, bure, kwa Kiswahili, Kiturkana, Kimaa na lugha nyingine nyingi, na mwalimu anaipakua na kuichapa darasani. Hakuna mrabaha. Kwa nyanya wa Lunga Lunga mwenye ngano za sungura na fisi, nalipendekeza kuliko Amazon mara kumi.

Adui ambaye waandishi wa ridhaa hawamtilii maanani ni kufungwa kwa majukwaa. GeoCities, iliyobeba mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009. Google+ ilizimwa Aprili 2019. Mwaka huo huo MySpace ilikiri kupoteza muziki uliopakiwa na watu kwa zaidi ya miaka kumi, kwa sababu ya kuhamisha mitambo vibaya. Amazon yenyewe ilianzisha Kindle Vella mwaka 2021 kwa hadithi za mfululizo na kuifunga Februari 2025. Kundi la WhatsApp hufa kimya zaidi: simu inaanguka baharini Shimoni, na mashairi yote yameondoka nayo. Daftari la mwalimu, kwa unyevu wote wa Msambweni, limeishi muda mrefu kuliko majukwaa hayo.

Kwa hiyo kazi ya kuweka itengwe na kazi ya kusambaza. Kusambaza ni kwa WhatsApp, Facebook au duka lolote lenye watu. Kuweka ni kwa mahali ambapo kazi yake ni kuweka. Internet Archive ya Marekani, iliyoanza mwaka 1996, inapokea faili ya mtu yeyote bila malipo na haijali ni lugha gani. Nayo si ngome: Oktoba 2024 ilishambuliwa na wadukuzi ikawa haipatikani kwa siku kadhaa. Ndiyo maana nakala ziwe Archive, ziwe kwenye diski ya mtoto aliyeko Nairobi, na ziwe kwenye karatasi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, si mahali pa shairi lako. Haipokei kazi mpya za watu. Picha zako za misikiti ya kale na majahazi ni jambo jingine: Wikimedia Commons inazitaka.

Kabla ya kupakia chochote, lipo swali ambalo fomu za majukwaa haziliulizi. Zinauliza kama kazi ni yako. Haziulizi kama ni ya ukoo. Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, inapokea wageni, lakini kwa masharti: wanavaa kaniki, na pako mahali wasipofikishwa. Maneno ya kaya na ya uganga yana mipaka kama hiyo. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, lakini sheria itakuja baada ya faili kwisha kusambaa, na faili iliyosambaa hairudi. Mkusanyaji wa ngano na dawa za miti aende kwa wazee kwanza na orodha mkononi: hili litoke, hili libaki. Baadhi ya wazee watakataa lote. Basi liandikwe daftarini lisitoke. Jukwaa lisiwe sababu ya mtu kufungiwa mlango alikozaliwa.

Mwalimu akishavuka yote haya, ukurasa wa kwanza wa faili yake, kabla ya shairi lolote, uwe na mambo machache ambayo watunzi husahau kwa sababu wao wanayajua: jina kamili na lakabu, kijiji, lahaja, mwaka wa kila tungo kadiri anavyokumbuka, shairi lilijibu nini na la nani, maana ya maneno ya Kidigo na ya bahari, na ruhusa anayoitoa: kusoma, kunakili, kughani, kufundishia. Jina la faili nalo liwe la maana. «Scan001» haitapatikana na mtu. Nambari ya simu asiiweke. Nambari hubadilika, na wajukuu watakuja kusumbuliwa na watu wanaomtafuta malenga.